Komba, Kasuku Wawili na Uzi wa Buibui

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa gani, ya mgonjwa aliyekosa uji? Rudieni. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa mmeamka. Wakubwa sogeeni, wadogo kaeni mbele, na wewe uliyeficha muwa nyuma ya mgongo, tafuna taratibu. Hadithi hii wengine huisimulia wakaiharibu. Hapa haiharibiki.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na hospitali na watu bado wanajitibu kwa kukisia, palikuwa na mto. Ng'ambo hii ya mto, kilimani, palikuwa na Hospitali ya Juu. Ng'ambo ile, bondeni, palikuwa na Hospitali ya Chini. Juu aliganga Daktari Korongo. Shingo ndefu, miguu mirefu, akitembea utadhani anaikanyaga ardhi kwa kuihurumia. Chini aliganga Daktari Kakakuona, mama wa magamba mengi na maneno machache. Ukimuudhi hakujibu. Alijikunja, akawa mpira, ukabaki unabishana na mpira.

Kila hospitali ilikuwa na Kasuku wake. Kazi ya Kasuku ni moja, kukumbuka. Mgonjwa akiingia anamwinamia, anamnong'oneza: mimi fulani, naumwa hapa, dawa ile ilinidhuru, dawa hii ilinifaa. Kasuku anasema kwaa, amekwisha kumeza. Siku mgonjwa akirudi, Kasuku anamwambia daktari sikioni, neno kwa neno, kwa sauti ileile ya mgonjwa na kikohozi chake ndani. Haongezi. Hapunguzi. Kasuku hajui uongo wala hajui kweli. Kasuku anajua alichosikia. Shikeni hapo, tutapahitaji.

Lakini Kasuku wa Juu hakusemezana na Kasuku wa Chini. Korongo alisema wagonjwa wake ni wake na habari zao ni zake. Kakakuona hakusema kitu, alijikunja, na maana ikawa ileile. Ukivuka mto unaumwa, ulivuka kama kiumbe aliyezaliwa asubuhi hiyo. Hakuna anayekujua. Unaanza upya kusema jina lako, na jina la baba yako, na mahali panapouma, nako kunazidi kuuma.

Kila mnyama alilalamika. Mmoja tu alishukuru. Komba.

Komba mnamjua. Mdogo, manyoya laini, mkia mrefu, na siku zile macho yake yalikuwa madogo kama mbegu za papai. Msibishe, tutafika. Komba alipenda utamu kuliko alivyompenda mama yake. Tena akilia, alilia kama mtoto mchanga. Nyeee, nyeee. Mama yeyote akisikia, miguu inamgeuka yenyewe.

Sasa dawa za hospitali zile zilikuwa nyingi, lakini kubwa ni tatu. Kwanza mwarobaini wa kuchemsha, mchungu wa kukunja ulimi. Kisha sindano, nayo ni mwiba wa Nungunungu. Nungunungu mwenyewe ndiye mchomaji, anakuja kinyumenyume. Na asali yenye tangawizi, ya kutuliza kifua, hasa vifua vya watoto. Desturi ya Juu ilikuwa kuanza na mwarobaini. Desturi ya Chini ilikuwa kuanza na sindano. Kote kuwili, mwenye kifua aliyedhurika na dawa ya kwanza alipewa asali.

Komba hakuwa na kifua. Alikuwa na akili, na akili isiyo na kazi ni ugonjwa.

Akaenda Juu. Nyeee, nyeee. Foleni nzima ikampisha. Akamwinamia Kasuku wa Juu akanong'ona, "Mimi Komba. Kifua kinanibana. Na mwarobaini msinipe, nikiunywa koo linafunga. Mwaka jana nilikufa kwa mwarobaini, nikafufuka kwa bahati."

Korongo akatikisa kichwa kwa huruma. Akamimina asali.

Komba akaruka tawi hadi tawi, akavuka mto, akafika Chini macho bado mekundu. Akamwinamia Kasuku wa Chini. "Mimi Komba. Kifua kinanibana. Na sindano msinichome, mwiba ukiingia moyo unasimama. Mjomba wangu alikufa kwa kuiona tu."

Kakakuona nusura ajikunje kwa huzuni. Akamimina asali.

Kesho yake Juu. Kesho kutwa Chini. Masharubu yakanata. Mkia ukanata. Nzi wakamfuata kama wapambe wa bwana harusi. Akiulizwa, alisema hiyo ni dawa ya kupaka. Komba ni mnyama wa usiku, mchana alitakiwa alale. Hakulala. Utamu ulimwamsha. Alikaa tawini akilamba vidole na kuimba:

Juu naumwa, Chini naumwa,
katikati mzima.
Wa Juu hajui, wa Chini hajui,
ajuaye ni tumbo.

Vibuyu vya asali vikaanza kulia vitupu. Watoto wa kweli wenye vikohozi vya kweli wakaambiwa wasubiri. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Mama Digidigi. Digidigi ni swala yule mdogo, miguu kama vijiti vya mishikaki. Mtoto alikohoa. Mama akampeleka Juu. Juu wakasema asali imekwisha, wakampa mzizi wa usingizi apumzike. Kikohozi hakikukoma. Mama akavuka naye mto. Chini nako asali imekwisha. Kakakuona, asijue kilichotolewa Juu, na mama asijue jina lake, akampa mzizi uleule.

Mtoto akalala. Fofofo. Jua likachwa, amelala. Jua likachomoza, amelala. Mama akamwita, akampuliza sikioni, akamlamba pua. Kimya. Msitu mzima hapakuwa na aliyetafuna kitu. Hata Komba aliacha kuimba. Jua lilipofika utosini, mtoto akapiga chafya, chya, akauliza kuna chakula gani.

Wanyama wakacheka kwa furaha. Mama Digidigi hakucheka. Alimbeba mwanawe mpaka kwenye jiwe la katikati ya kivuko, akawaita madaktari wote wawili. Wakaja, kila mmoja akasimama ukingo wake.

"Mwanangu ni mmoja," akawaambia. "Ana kifua kimoja na tumbo moja. Ninyi ndio mliomkata vipande viwili, kipande cha Juu na kipande cha Chini, kisha kila mmoja akatibu chake."

Korongo alifungua mdomo kueleza taratibu. Akamtazama mtoto, shingo ikainama. Kakakuona alianza kuingiza kichwa kifuani. Mama Digidigi akamwambia, kwa adabu lakini kwa macho makali, "Daktari, leo usijikunje." Hakujikunja.

Papo hapo wakakubaliana kumwita Buibui, afunge uzi toka kitulio cha Kasuku mmoja hadi kitulio cha Kasuku mwingine. Huyu akisema, uzi unatetemeka, na yule anapokea maneno kama yalivyo. Mgonjwa akivuka mto, habari zake zitakuwa zimeshamtangulia.

Komba aliposikia, asali ikamkauka mdomoni. Akapita mti hadi mti akichochea. Alimwuliza Fisi kama anataka wa Chini wajue alimeza kwato ikamkwama. Alimwuliza Kiboko kama anataka wa Juu wajue habari za majipu yake, na pale yalipo. Wanyama wakaingiwa na hofu. Siri ya mwili si kitu cha mchezo, hata kwenye hadithi. Wakaandamana mpaka Juu. Korongo akawasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu aanguliwe akakiri kwamba wengine nao wana hoja. Ukawekwa mwiko: Kasuku atasema sikioni mwa daktari tu, na ni pale tu mgonjwa mwenyewe yuko mbele yake. Kumwuliza Kasuku habari za jirani ni marufuku. Fisi akaridhika. Kiboko naye akaridhika, ingawa msitu mzima ulikwisha kujua ana majipu. Ulijua kwa mdomo wa Komba, si wa Kasuku.

Na mwiko wa pili ukaongezwa, Kakakuona ndiye aliyeutaka. Neno alilolisema mgonjwa kuhusu mwili wake, mwingine halifuti. Litafutwa na kinywa kilekile kilicholisema, kwa sauti, uzini, Kasuku wote wawili wasikie kwa pamoja. La sivyo huyu atabaki na neno la leo na yule na neno la jana.

Buibui akafunga uzi Juu, akajirusha na upepo, fyuuu, akaufunga Chini.

Siku ya kwanza ilikuwa vituko. Juu walizoea kusimulia habari za mgonjwa kuanzia kichwani kushuka. Chini walizoea kuanzia miguuni kupanda. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mwenzake. Tembo, ambaye habari za jino lake bovu zilikuwa Juu, alivuka kwenda Chini, akatoka amefungwa bendeji kisiginoni. Twiga wa kifundo kilichoteguka, aliyetoka Chini kwenda Juu, alisubiri kutwa nzima, waganga wakitafuta ngazi ya kumkagua meno. Madaktari wakarudi ukingoni. Wakaafikiana: jina kwanza, kisha kichwa, kisha kushuka. Korongo akafurahi kwamba wa Juu wameshinda. Kakakuona akasema basi neno la mwisho ni miguu, na miguu ndiyo inayobeba. Wakaachana kila mmoja ameshinda.

Uzi ukafanya kazi. Tiii, tiii. Asali ikaanza kujaa vibuyuni.

Na Komba? Komba alikaa tawini akanuna. Asali ya mara mbili imekwisha. Akanuna, akanuna, kisha akafikiri, kisha akacheka mpaka akateleza. Sasa Juu wanajua mwarobaini unamfunga koo, na wanajua pia sindano inamsimamisha moyo. Chini vilevile. Basi popote atakapoingia, hawana cha kumpa ila asali. Wamejifunga wenyewe kwa uzi wao. Akautengeneza wimbo upya:

Juu wanajua, Chini wanajua,
wajua nisemayo.
Mwarobaini kando, mwiba kando,
kibuyu kije huku.

Mmeuona ujanja? Mmeuona. Tena mngekuwa ninyi mngefanya hivyohivyo, msikae hapo na nyuso za malaika.

Mvua zikaja. Mbu wakaja na mvua. Mbu hamwulizi Kasuku kitu. Akamwuma Komba shingoni, zzz, akaenda zake. Homa ikaingia. Safari hii si ya kuigiza. Meno yakagongana, ka-ka-ka-ka. Jua linawaka, yeye anatetemeka. Tawi likamtoka mikononi, akaanguka, puu. Akalia. Nyeee. Nyeee.

Waliosikia wakasema huyo anataka asali, wakaendelea na safari zao. Mama Digidigi naye alisikia. Hakuwa mjinga, nzi wa Komba aliwaona siku nyingi. Lakini kilio kilikuwa cha mtoto, na yeye alikuwa na masikio ya mama. Alijiambia kwamba anayelia hubebwa kwanza, maswali baadaye. Akamtwika mgongoni, kwatu kwatu kwatu, mpaka Hospitali ya Chini.

Kakakuona akamgusa paji la uso, akauondoa mkono haraka. Akamtegea Kasuku sikio. Alipoinuka, uso ulikuwa umemshuka.

"Pole, mwanangu," akasema. "Homa hii ina dawa mbili tu, mwarobaini na sindano. Wewe moja inakufunga koo, nyingine inakusimamisha moyo. Nitakupa asali, angalau ulale vizuri."

Neno lile, ulale vizuri, Komba hakulipenda.

Akaletewa kibuyu kizima. Chake peke yake. Akaingiza kidole, akalamba. Ilikuwa chungu. Homa ilikuwa imeukalia ulimi, asali ikageuka nyongo. Akaitema.

"Mama Daktari, nipe mwarobaini."

"Nikikupa nitakuua."

"Basi nichome sindano."

"Nikikuchoma nitakuua. Umesema mwenyewe, kwa sauti yako."

Akaulizwa Korongo kwa uzi, tiii. Korongo akajibu kwamba yeye pia ndivyo ajuavyo, tena mgonjwa huyu alikwisha kufa mara moja, si vizuri kumjaribu tena.

Komba akageuka huku, akageuka huku. Kila upande ukuta, na matofali ni maneno yake. Akajaribu kupenya. Akamnong'oneza Kakakuona kwamba ile habari ya koo ni ya zamani, imeshapona yenyewe. Kakakuona akamwambia ni habari njema, aiseme basi uzini. Komba akaitazama foleni. Fisi yuko. Kiboko yuko, na majipu yake. Foleni ya Juu nayo itasikia. Akasema labda aliyesema yale si yeye, ana pacha wake, mwongo sana yule, hata kwao hawamtaki. Kama hawaamini wamruhusu Kasuku aseme hadharani, wasikie kama ile ni sauti yake.

Kakakuona akamwuliza, "Unaruhusu mwenyewe?"

"Naruhusu."

Homa hiyo. Mwenye akili timamu asingeruhusu.

Kasuku akapanua mdomo, na sauti ikatoka, ya Komba hasa. Nyeee, nyeee, mimi Komba, kifua kinanibana. Na katikati ya kilio, kwa kuwa Kasuku hapunguzi, ikasikika sauti ya Komba akilamba midomo. Mla, mla, mla.

Foleni nzima ikamgeukia Komba. Anayebanwa kifua halambi midomo.

Homa ikapanda tena. Komba akaanza kuona Kakakuona wawili, na hata mmoja wao hakuwa akitabasamu. Mama Digidigi alikuwa bado amesimama pale, jasho la safari halijamkauka. Akamwinamia. "Aibu inauma, Komba, najua. Lakini sijazika mtu aliyekufa kwa aibu. Wa homa nimewazika."

Komba akaushika uzi kwa mikono yote miwili.

"Mimi Komba," akasema. "Mwarobaini haujanidhuru hata siku moja, sijawahi kuuonja. Sindano sijawahi kuchomwa. Mjomba wangu yu hai, anakaa kwenye mkuyu. Sikuwa na kifua. Nilitaka asali."

Tiii. Uzi ukatetemeka toka Chini mpaka Juu. Kasuku wa Chini akasema kwaa. Kasuku wa Juu akasema kwaa. Kisha, kwa kuwa uzi haubagui cha kupitisha, kikashuka kicheko cha foleni nzima ya Juu, chote, na cha Korongo ndani yake.

Mama Digidigi hakucheka. Alikitazama kile kibuyu. Akamtazama Komba. "Kumbe asali ya mwanangu ilikuwa tumboni mwako."

Komba akakisukuma kibuyu kuelekea kwake, akafunika uso kwa mkia.

"Nitampa," Mama Digidigi akasema, akakichukua. "Na wewe kunywa chako."

Chake kilikuwa bakuli. Vikombe havikutosha, alisema Kakakuona, na hakueleza zaidi. Komba akanywa mwarobaini, ulimi ukajikunja, masikio yakajikunja, vidole vya miguu vikajikunja. Kabla hajajikunjua akasikia kitu nyuma yake. Kwacha, kwacha, kwacha. Akageuza shingo. Nungunungu huyo, anakuja kinyumenyume.

Hapo ndipo macho yalipomtoka Komba. Yakatoka, yakaendelea kutoka, yakawa mabakuli mawili. Sindano ikaingia. Komba akapona. Macho hayakurudi. Mmulikeni kwa kurunzi siku mkimkuta mtini, mtayaona. Mpaka leo bado anamtazama Nungunungu.

Na tangu siku ile, Komba akiingia hospitali, iwe Juu, iwe Chini, Kasuku anamwambia daktari sikioni kwa utaratibu waliopatana: "Komba. Macho, yalitoka. Koo, halifungi. Moyo, hausimami. Mikono, inanata. Miguu, mizima, akiona mwarobaini itakimbia, mshikeni."

Basi mafunzo yake ni haya, na siyafichi. Mgonjwa akivuka mto, habari zake zivuke naye, maana mwili ni mmoja hata waganga wakiwa wawili. Na wewe unayeulizwa unaumwa wapi, sema kweli. Ukimpa Kasuku uongo ataubeba kote kuwili, na siku utakapougua kweli, uongo huo ndio utakaotibiwa, wewe umelala pembeni unausubiri umalize.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia, bakuli la mwarobaini linamngoja. Aliyesikiliza mpaka mwisho, kibuyu kile pale, alambe. Mara moja tu, Kasuku anahesabu.